Kuzipanga Katuni Tatu za Februari

Mimi nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na minane, mwezi wa tisa nahamia Leeds kusoma, na kazi ya kupanga filamu nimeifanya miaka mitano mfululizo. Hapa London kuna watu wazima ambao hawajawahi kukaa kwenye kazi moja muda wote huo. Kwa hiyo naandika kama mstaafu, kwenye kurasa za nyuma za daftari lenyewe, kwa ajili yenu mnaobaki nalo: Furaha, na yeyote atakayemsaidia. Nimezoea kuandika shajara ambayo hakuna anayeisoma, basi nikitaja jambo la aibu mnivumilie. Sijui kuandika kwa namna nyingine.

Labda daftari hili litafika kwa mtu asiyetujua, kwa hiyo naeleza. Kila mwaka ile tuzo kubwa ya filamu ya kule Marekani huteua filamu ndefu za katuni, na katika miaka yangu kwa kawaida zilikuwa tatu. Klabu yetu ya Jumamosi, hapa kwenye ukumbi wa kanisa Kingsbury, huziangalia zote kabla mshindi hajatangazwa, Jumamosi moja filamu moja. Halafu mtu mmoja anazipanga, ya kwanza, ya pili, ya tatu, anasimama mbele na kutoa sababu, na karatasi inabandikwa ukutani juu ya birika la chai. Ile iliyoshika nafasi ya kwanza inaonyeshwa tena Jumapili ya akina mama, baada ya ibada, mama zetu wakiwepo.

Hapo ndipo kazi inapokuwa nzito. Mnajua kwa nini tuko kwenye klabu Jumamosi: mama zetu wako kazini. Wanatunza wazee, wanasafisha ofisi, wako wodini. Kwa ajili ya ile Jumapili moja wanaanza kubadilishana shifti tangu Januari, huyu anambembeleza yule, ili wote wapate mchana mmoja wa kukaa kwenye viti vyetu vya plastiki na kuangalia picha na watoto wao. Ukiwachagulia filamu mbaya, umewapotezea mchana ambao hawatapata mwingine mpaka mwakani.

Halafu kuna mama yangu. Mama yangu hulala. Anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na akikaa mahali penye joto, taa zikizimwa, jina la filamu halijamaliza kuandikwa yeye ameshaondoka, mkoba mapajani, kichwa kimeangukia upande wa jirani. Miaka mitatu ilipita hivyo. Watu walicheka, si kwa ubaya, na mimi nilicheka nao. Lakini kwenye shajara niliandika kwamba nataka mwaka mmoja tu mama aione filamu niliyompangia. Orodha zangu zote zilikuwa za klabu, hiyo ni kweli. Ila ndani yake nilikuwa natafuta filamu ya kumfanya mama asilale.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya kujificha. Nilikuwa mwoga wa kuongea, bado niko hivyo, na mahali pazuri pa kujificha palikuwa nyuma ya televisheni, kwenye nyaya. Nilidhani pale hataniona mtu. Sikujua kwamba aliye karibu na mashine ndiye anayeitwa mashine ikigoma. Mama Furaha, ambaye ndiye anayeiendesha klabu, akaniita nitengeneze, nikatengeneza, na wiki iliyofuata akawaambia wote kwamba Wakesho ndiye mtu wa filamu. Mimi nilikuwa nimeshika waya tu.

Yeye ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Mnamfahamu, mtu wa Bukavu, mnene wa sauti. Filamu ya kwanza niliyopewa kuipima niliikodolea macho mwanzo mpaka mwisho, kalamu mkononi, kama niko kwenye mtihani. Akanisogelea akanipiga bega.

"Weye usiangalie filme," akasema. "Angalia miguu ya batoto."

Tangu siku ile sijawahi kuacha. Mtoto anaweza kukazia televisheni macho na akili iko kwenye biskuti, lakini miguu haidanganyi. Miguu ikibembea, filamu inaenda vizuri. Ikisimama kabisa, hapo pana jambo kubwa, andika dakika. Ikianza kupiga kiti cha mbele, andika dakika pia, maana hapo filamu imechosha. Ukurasa wa kwanza wa kila filamu kwenye daftari hili ni wa miguu. Msiuruke mkadhani ni upuuzi.

La pili ni chakula. Mwaka wangu wa kwanza niliweka nafasi ya tatu filamu moja ya kiboko mfanyakazi wa posta, na kila mtu alishangaa, pamoja na mimi. Baadaye niligundua kwamba tuliiangalia kabla ya chakula, na zile mbili nyingine tuliziangalia baada ya mandazi. Niliomba tuirudie shibe ikiwa tumboni. Kiboko yuleyule, barua zilezile, ukumbi ukacheka mpaka mtu akamwaga juisi. Filamu inayoangaliwa na watu wenye njaa hushuka nafasi moja nzima. Kwa hiyo zote tatu baada ya mandazi, au zote tatu kabla. Msichanganye.

La tatu: usimwulize mtoto kama ameipenda. Atakwambia ndiyo, kwa adabu tu, au kwa sababu swali limekwisha upesi. Mwambie aieleze, na aieleze kwa Kiswahili. Najua, Furaha, wewe kila ninapokuuliza kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza, na ulipokuwa na miaka saba ulinieleza filamu nzima ya familia ya taa za barabarani kwa kutumia neno moja la Kiswahili, nalo lilikuwa "halafu". Lakini ulilisema mara nyingi, na kila uliposema mikono yako ilipanda juu. Nikaiweka ya kwanza. Filamu ambayo mtu anajitahidi kuisimulia kwa lugha inayomshinda ni filamu nzuri.

Na hakuna filamu ya mwisho. Kuna ya tatu. Nilisema "ya mwisho" mara moja tu, mtoto mmoja akaenda kukaa chooni hakutaka kutoka, kumbe ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Mama Furaha alimsihi mlangoni muda mrefu. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika karatasi, natamani niingie choo cha pili.

Sasa vifaa. Ninyi mmekuta dividii tayari, hamjui shida. Mwaka wangu wa kwanza zilikuwa bado kanda, na kanda lazima irudishwe nyuma kabla ya kupelekwa dukani kwa Anko Pravin. Duka lake la kukodisha filamu liko barabara ya Kingsbury, kati ya la vitambaa vya sari na la viungo. Amezaliwa Kisumu, Kiswahili chake kimekaa vilevile kama alivyoondoka nacho, na mimi alinipa jina la Jaji. Nikisukuma mlango tu, kabla sijasema shikamoo, anawatangazia wateja kwamba Jaji amefika, watu wasimame. Na mimi natafuta mahali pa kuingiza uso.

Alinifundisha kukaza kanda iliyotafunwa kwa kubonyeza kitundu cha chini na penseli huku nikiizungusha kwa kidole. Alinifundisha pia kufuta dividii: kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, kama mtu anayechora miale ya jua, wala si kwa kuzungusha. Ukizungusha unaongeza mikwaruzo. Nimeona mtu mzima anaifuta dividii kwa shati, kwa mviringo, tena kwa nguvu, nikashindwa kumwambia kwa sababu alikuwa mchungaji.

Na mkiniuliza kama orodha yetu ililingana na ya majaji wa Marekani, ililingana mara moja. Siku hiyo watoto walikasirika. Walisema tumewaiga.

Sasa niseme lile ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka wangu wa nne mojawapo ya zile tatu ilikuwa filamu ya kunguru aliyepoteza sauti, akasafiri kwenda kuitafuta kwenye kiwanda cha redio. Madukani ilikuwa haijafika, na kwenye sinema ilikuwa imeshaondoka. Anko Pravin alisema nisubiri mpaka Machi, lakini Machi tuzo ingekuwa imeshatolewa. Nilimweleza mama jambo hilo jikoni, kwa kulalamika tu, wakati anavaa koti kwenda kazini. Sikuomba kitu.

Asubuhi ya tatu alirudi na dividii kwenye mfuko wa karatasi. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akiuza nje ya stesheni. Mama hajui filamu. Alikuwa ameandika jina nyuma ya tiketi ya basi ili asikosee, na alisimama pale kwenye baridi akimwonyesha yule mtu ile tiketi, baada ya usiku mzima wa kuwageuza wazee kitandani. Akaniwekea juu ya meza, akaenda kulala.

Tuliiangalia Jumamosi. Picha ilitikisika kidogo, lakini ilionekana. Kunguru anafika kiwandani, anapanda mpaka kwenye chumba cha kutangazia, anasimama mbele ya maikrofoni, anafungua mdomo. Giza. Basi. Filamu imekwisha.

 Miguu yote ilikuwa imesimama. Nikaona ni ajabu. Nilikuwa nimeanza kusoma kurasa za filamu kwenye magazeti ya bure ya treni, na kule walikuwa wanasifu sana filamu zinazomwachia mtazamaji afikirie mwenyewe. Nikaandika ukurasa mzima kuhusu mwisho ule wenye ujasiri. Nikaiweka ya kwanza.

Lakini naandika ukweli. Hayakuja majina ya watengenezaji, na kila filamu ina majina. Karatasi ya jalada ilisema dakika themanini na nne, mashine ilionyesha sabini. Niliona. Nilisimama mbele ya mashine nikaziona zile namba mbili, nikazima mashine. Kama filamu ilikuwa imekatwa, basi mama alikuwa ametapeliwa, na wa kumwambia ni mimi. Nilipendelea iwe na ujasiri.

Ikaja Jumapili ya akina mama. Anko Pravin, kwa wema wake, alikuwa amepata dividii halisi wiki ileile, akaileta mwenyewe ukumbini, akakaa nayo nyuma. Nikaiweka. Mama alikuwa safu ya pili, kando ya Mama Furaha. Alikuwa amebadilishana shifti na mtu mgumu kweli. Dakika ishirini za kwanza nilimtazama yeye tu, na alikuwa macho, nami nikaanza kuamini. Halafu kunguru akaingia kwenye safari ndefu ya kupita milima, na kichwa cha mama kikaenda taratibu kwenye bega la Mama Furaha.

Nikajiambia sawa, imalizike. Kunguru akafika kwenye maikrofoni. Akafungua mdomo. Giza. Nikawasha taa za ukumbi, nikasimama mbele ya televisheni na karatasi yangu, nikaanza.

"Mwisho huu," nikasema, "unatuachia sisi wenyewe."

Nyuma yangu ikatoka sauti kama geti lenye kutu linafunguliwa.

Ukumbi mzima ukacheka. Nilidhani wananicheka mimi. Sikugeuka, nilibaki nimeshika karatasi, masikio yanawaka, na geti linalia mgongoni kwangu, na kadiri lilivyolia ndivyo walivyozidi kucheka. Anko Pravin akasema kutoka nyuma, bila kupaza sauti, "Jaji, keti. Kesi inaendelea."

Nikakaa chini palepale sakafuni. Mtu akazima taa. Na kwa kile kicheko mama alikuwa ameamka.

Kwa hiyo zile dakika kumi na nne tuliziona kwa mara ya kwanza pamoja, mimi chini na yeye kwenye safu ya pili. Kunguru amepewa sauti ambayo si yake, sauti mbovu, na hakuna wa kubadilishana naye. Anarudi nyumbani nayo. Mama yake yuko kwenye kiota, amempa mgongo. Kunguru anasita kwenye tawi, halafu anaita kwa ile sauti ya geti. Mama hageuki hata kutazama ni nani. Anasogea kidogo tu, anampisha nafasi.

Nikageuka kumtazama mama yangu. Alikuwa amekaa wima, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Majina yalipita yote, na yeye aliyasoma.

Kwenye basi la 183 tulikaa juu, mbele. Tulikuwa tumepita maduka.

"Ile niliyokuletea haikuwa na kipande hiki," mama akasema.

"Haikuwa."

"Ulijua?"

Nikasema nilijua kuna kitu. Akaniuliza mbona sikusema. Nilikuwa na jibu refu, lenye magazeti na ujasiri, lakini lililotoka lilikuwa fupi.

"Uliileta wewe, mama."

 Halafu akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa kwamba yule mtu wa stesheni alikuwa na meno mazuri mno kwa mtu mwaminifu, na yeye mwenyewe angetakiwa kushtuka palepale. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Ukinificha tena ili nisiumie, nitaumia mara mbili. Sasa nihadithie huko mwanzo."

Nikajaribu. Sikufika mbali, kituo chetu kilikuwa karibu, na akasema haitoshi, anataka kuiona yote kwa macho yake.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya klabu na kusema kwamba nimewapangia filamu ambayo sikuwa nimeiona mpaka mwisho, na kwamba nilikuwa najua. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi niseme mara mbili, na kusema mara mbili ni adhabu tosha. Mama Furaha hakunigombeza. Alibandua karatasi pale juu ya birika, akanipa nyingine nyeupe na kalamu. Nikampandisha kiboko, maana mwaka ule sehemu ya pili ya filamu yake ya posta ilikuwa kati ya zile tatu, nikamweka kunguru nafasi ya pili, nikaandika sababu: mwisho wake ni mzuri kuliko ule niliousifu, ila pale milimani panachosha, nina ushahidi. Kwa hiyo shikeni hili kuliko yote niliyoandika: msipange filamu kabla majina hayajapita. Na mkikosea, karatasi hubanduka. Gundi yetu ni ya watoto.

Lakini ushahidi wa milimani sikuupata ile Jumapili peke yake. Katikati kulikuwa na Jumatano.

Nilikuwa nimeazima dividii kwa Anko Pravin. Asubuhi ile mama alirudi kutoka kazini saa moja na nusu, mimi nimeshavaa sare ya shule, begi mgongoni. Hakuvua hata viatu. Akakaa kwenye kochi akasema weka. Nikamwambia shule inaanza saa mbili na dakika arobaini. Akasema yeye hajauliza saa, amesema weka.

Nikaweka. Mwanzo aliupenda. Alimcheka baba yake kunguru, akasema anafanana na msimamizi wao. Tukafika milimani. Nilimwona macho yanakuwa mazito, anajikaza, anayafungua kwa nguvu, yanarudi. Akalala, mahali palepale.

Ningeweza kuondoka. Bado ningewahi basi. Badala yake nikachukua rimoti nikasimamisha picha, kunguru akabaki hewani juu ya mlima, mbawa zimetanuka. Nikavua begi. Nikakaa kando yake nikasubiri. Nilifanya hesabu zangu za shule zote, na nyingine za wiki ijayo. Baada ya dakika kama arobaini aliamka mwenyewe, akatazama televisheni, akaniuliza amekosa nini.

"Hujakosa kitu," nikamwambia. "Amekusubiri."

Nikabonyeza. Tukaendelea mpaka mwisho, mpaka kwenye kiota, mpaka jina la mtu wa mwisho kabisa.

Shuleni nilifika karibu saa nne na nusu. Walinipa karatasi ya wanaochelewa, ya kujazwa na mzazi. Jioni mama aliijaza kwa herufi zake kubwa akiwa amesimama, koti mkononi. Jina langu, darasa, tarehe. Kwenye nafasi ya sababu hakufikiri hata kidogo. Aliandika: alikuwa kazini. Akatia sahihi.